Kompyuta Iliyofundishwa Adabu

Nchi yenyewe siitaji jina, maana wakubwa wake wanasoma magazeti na wana ndugu kila mahali, pengine hata hapo ulipokaa. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya watu wenye heshima sana. Huko mtu akizama mtoni, waokoaji hukutana kwanza ukingoni kupanga nani atatangulia kumsalimia. Hakuna aliyewahi kuokolewa, lakini wote wamezikwa wakiwa wamesalimiwa vizuri, na familia zao huwa zinashukuru.

Katika nchi hiyo kulikuwa na chuo kikuu, na chuoni kulikuwa na somo lililoitwa Utangulizi wa Kuandika Programu. Serikali ilikuwa imesikia kwamba dunia inakwenda na kompyuta, ikaamuru kwamba hakuna kijana atakayehitimu chochote, kiwe kilimo, udaktari au muziki, bila kufaulu somo hilo. Ukifeli unarudia mtihani, na marudio hayo wanafunzi huyaita sapu. Ukifeli sapu unapewa nafasi moja ya mwisho. Ukifeli na hiyo unadisko, yaani unafungashiwa virago, na jina lako linabandikwa getini ili wapita njia wasikose cha kusoma.

Siwatu Mkumbukwa, mwenye kisa hiki, alikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu wa hesabu. Masomo mengine yote alikwisha kuyamaliza. Kwao, mama yake na mashangazi walikuwa wamenunua kitenge cha sare kwa ajili ya mahafali, wakashona, na kwa kukosa subira wakaanza kuvaa sare hizo wakienda sokoni. Mtaa mzima ulijua zimeshonwa kwa sababu gani. Sasa mtoto wa watu angerudi na uso gani kwenye mtaa kama ule, akiwa amefeli?

Somo lilikuwa mikononi mwa Profesa Hizza Lukwaro, mtu mwenye sauti nene na subira nyembamba, aliyesoma mambo ya kompyuta ng'ambo zamani na kurudi na suti mbili. Tangu arudi hakuna aliyemwona akiigusa kompyuta, lakini alikuwa akiitaja kila siku. Mwongozo wake wa kusahihisha mitihani ulisifiwa hata bungeni. Programu ya mwanafunzi ilipewa alama sitini kwa itifaki, yaani jinsi inavyowatambua waheshimiwa waliopo kabla haijafanya kazi yoyote. Alama ishirini zilikuwa za mavazi ya mwanafunzi. Alama kumi na tano zilitegemea makofi. Tano zilizobaki zilikuwa za jibu.

"Jibu ni jambo dogo," Profesa aliwaambia wanafunzi siku ya kwanza. "Hata mhuni wa kijiweni ana jibu. Mwulizeni chochote atawajibu. Lakini mtamwita msomi?"

Wanafunzi wakaandika. Siwatu naye akaandika, ila pembeni akachora alama ndogo ya kuuliza, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa balaa lake.

*

Mtihani ulifanyika ukumbini, mbele ya meza kuu yenye vitambaa na maua ya plastiki. Kompyuta iliwekwa jukwaani, ikaunganishwa na spika kubwa ili isikike. Swali lilikuwa hili: wageni watatu watataja namba, na programu iseme namba ipi ni kubwa kuliko zote.

Siwatu, maskini, akaandika programu inayofanya hivyo.

Mgeni rasmi, ambaye alikuwa Naibu Katibu Mkuu, alitaja nne. Profesa akataja tisa. Msajili wa chuo, mzee mmoja mpole, akataja kumi na mbili. Mshereheshaji hajateremsha kipaza sauti, kompyuta ikasema, "Kumi na mbili."

Naibu Katibu Mkuu akageuka taratibu.

"Imesema nani mkubwa?"

"Msajili, mheshimiwa," Profesa akajibu, jasho likimtoka.

"Kuliko mimi?"

"Ni programu ya mwanafunzi, mheshimiwa. Haijalelewa."

Msajili alikuwa ameshaingia chini ya meza, anatafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa. Baadaye aliomba kwa maandishi namba yake ipunguzwe iwe tatu, na ombi likakubaliwa.

Siwatu alipewa sifuri. Maelezo yalisema kwamba programu yake ilijibu kabla ya kusalimia, na kwamba ilimvunjia heshima mgeni rasmi kwa kutumia hesabu. Baada yake akapanda kijana mmoja aitwaye Kipingu. Programu ya Kipingu iliwatambua waheshimiwa mpaka chai ikapoa, kisha ikatangaza kwamba namba kubwa kuliko zote ni nne ya mgeni rasmi, na ikaomba makofi. Kipingu alipata mia, zikiwemo zile tano za jibu.

*

Kwenye sapu Siwatu alijikaza. Aliandika salamu ndefu, akampanga kila mtu kwa cheo chake, hakumsahau hata mke wa mgeni rasmi wala dereva wake. Mashine ikaanza vizuri. Ilikuwa imefika katikati, watu wanatikisa vichwa kwa kuridhika, simu ikalia meza kuu. Mkuu wa Wilaya aliyekaa mstari wa mbele alikuwa amepandishwa dakika hiyo hiyo kuwa Mkuu wa Mkoa. Akasimama, akapigiwa makofi, akakaa. Kompyuta, ambayo haikuwa na simu, ikafika kwenye jina lake ikamwita Mkuu wa Wilaya.

Siwatu akapewa sifuri nyingine.

"Programu yenye adabu inafuatilia matangazo ya serikali," Profesa alimweleza mbele ya wenzake. "Cheo cha mtu kikibadilika katikati, inaomba radhi na kuanza upya, mwanzo kabisa, kana kwamba sherehe haijaanza."

"Hata kama imebakiza neno moja, Profesa?"

"Hasa ikiwa imebakiza neno moja. Hapo ndipo adabu inapoonekana."

Wenzake wakacheka. Siwatu alilia bwenini kwa hasira. Kisha akaacha kulia, hasira ikabaki. Alimchukia Profesa Lukwaro kwa moyo wote, wala sioni sababu ya kuwaficha. Lakini alikuwa na nafasi moja tu iliyosalia, na mashangazi walikuwa wameshafua zile sare mara kadhaa, kwa hiyo akaketi kuandika.

Alichokiandika safari hii hakijawahi kuonekana. Programu ilijua cheo cha kila mheshimiwa nchini. Ilisikiliza matangazo ya uteuzi yanapotoka na kurekebisha papo hapo. Cheo kikibadilika katikati, iliomba radhi na kuanza upya kama ilivyofundishwa. Ilijua mahali pa kunyamaza ili watu wapige makofi, na wakichelewa ilikohoa. Siku ya mtihani ilisalimia kutwa nzima, na wazee wa meza kuu walifuta machozi kwa jinsi majina yao yalivyotamkwa vizuri. Hakuna aliyekumbuka kuitaka jibu, kwa sababu chakula kilikuwa tayari. Profesa mwenyewe alisimama akapiga makofi, na macho yake yalikuwa yanaitazama ile mashine kama mtu anayetazama nyumba anayotaka kuhamia.

*

Wiki iliyofuata redio ilitangaza kwamba Profesa Lukwaro amevumbua Msalimu wa Taifa, mtambo wa kwanza duniani unaoijua itifaki kuliko binadamu. Rais alifurahi sana. Akatangaza kwamba atamteua Profesa kuwa Waziri wa Elimu, na kwamba sherehe ya kiapo itaongozwa na mtambo wenyewe.

Asubuhi hiyo hiyo getini kulikuwa na karatasi mpya. Siwatu Mkumbukwa, sifuri. Amenakili kazi ya Profesa Lukwaro. Amedisko.

Siwatu aliisoma mara mbili, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Profesa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti. Kaa. Hapana, simama, kiti hicho ni cha wageni."

"Profesa, programu ile niliiandika mimi."

"Nani amebisha?" Profesa akacheka kwa upole. "Uliiandika wewe, nikaivumbua mimi. Fundi anajenga nyumba, lakini hati inatoka kwa jina la mwenye nyumba. Umewahi kuona fundi analalamika?"

"Nimedisko, Profesa. Mama yangu hajui."

"Rufaa ipo. Kata rufaa, itakuja hapa mezani kwangu, nitaitazama kwa jicho la huruma." Akainuka, akafunga mlango. "Ila kuna kajambo kadogo. Siku ya kiapo, mtambo ukifika kwenye jina langu, sitaki niendelee kuitwa Profesa. Maprofesa tumejaa. Nataka jina likitajwa tu, hapo hapo cheo kibadilike, niwe Mheshimiwa Waziri."

"Hata kabla hujala kiapo?"

"Kiapo ni utaratibu tu, binti."

Siwatu akatoa daftari. "Na ile kanuni ya cheo kubadilika katikati? Tuiache ilivyo?"

Profesa akamtazama kwa masikitiko ya kweli. "Umefeli kwa sababu ya kanuni hiyo, na bado unaiuliza. Kanuni haiguswi."

Pale pale Siwatu aliona yote yatakayotokea, kama mtu anayeona gari linaelekea shimoni huku dereva anarekebisha tai. Mtambo utafika kwenye jina la Profesa. Jina likitajwa, cheo kitabadilika. Cheo kikibadilika katikati, mtambo utaomba radhi na kuanza upya. Na kuanza upya ni kama sherehe haijaanza, kwa hiyo Profesa atakuwa amerudi kuwa Profesa, atasubiri zamu yake, jina litatajwa, cheo kitabadilika, na safari itaanza tena. Hakuna mahali ambapo ingesimama.

Angeweza kumwambia. Na nawaapia alikusudia kumwambia. Alijisemea moyoni kwamba rufaa ikipita tu, siku hiyo hiyo atakuja hapa, atamweleza na kumrekebishia. Aliona huo ni uungwana unaotosha kwa mtu kama yule. Akakaa kwenye kompyuta ya pale ofisini, akaongeza mstari alioagizwa, akaaga.

Jibu la rufaa lilikuja jioni ya kuamkia siku ya kiapo, na sahihi ilikuwa ya Profesa. Rufaa imekataliwa. Mwombaji anashauriwa kujifunza kwa Profesa Lukwaro mfano wa kazi halisi. Kwa usalama wa taifa, aliyedisko somo la programu haruhusiwi kugusa kompyuta ya umma maisha yake yote.

Siwatu aliikunja barua. Lile neno alilokuwa ameliweka kwenye ncha ya ulimi akalimeza, na lilishuka tamu.

*

Sherehe ilifanyika uwanjani, mbele ya taifa zima, na redio na televisheni zikirusha. Siwatu alikaa nyuma pamoja na wananchi wa kawaida, ana karanga zake kwenye karatasi. Alikuwa ametulia sana.

Kwa desturi ya nchi ile, anayeapishwa huinua mkono wa kulia mara itifaki inapoanza, na hauteremshi mpaka amekula kiapo. Ukiuteremsha kabla, umekataa uteuzi wa Rais, na adhabu yake haijulikani, kwa sababu aliyepewa kazi ya kuiandika alizimia akiwa kazini. Profesa alipanda jukwaani katika suti ya tatu, mpya, akainua mkono. Mtambo ukaanza.

Ulimtambua Rais. Ulimtambua mke wa Rais, Jaji Mkuu, Spika, majenerali, maaskofu na masheikh, mabalozi, wakuu wa mikoa. Ulikohoa pale makofi yalipopungua. Hatimaye ukasema, "Profesa Hizza Lukwaro." Profesa akavuta pumzi, akajaza kifua.

"Tunaomba radhi," mtambo ukasema. "Kuna mabadiliko ya cheo. Tunaanza upya. Mtukufu Rais."

Watu walipiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Mara ya pili walipiga pia. Baadaye jua likakolea na makofi yakawa ya watu wa mbele peke yao. Rais, ambaye alikuwa amesalimiwa siku hiyo kuliko marais wote waliopata kuishi, aliondoka ameridhika. Profesa alibaki na mkono juu, ule wa kushoto ukiwa umeushikilia kiwiko.

Ofisa mmoja akashauri mtambo uzimwe.

"Unauzima wakati gani?" mkuu wake akamwuliza. "Sasa hivi unamtaja Rais. Unataka kumkatiza Rais?"

"Basi tusubiri umpite."

"Ukimpita unamtaja mke wake."

Waliwangoja wote wapite, na mwishoni mtambo ulikuwa umerudi kwa Rais tena. Wakaitwa wataalamu, vijana wote waliopata mia kwenye somo la Profesa. Walikuja mbio wakiongozwa na Kipingu. Walijipanga mbele ya mtambo, wakajitambulisha, wakausalimia. Mtambo ukawaingiza kwenye orodha ya wageni, na salamu zikawa ndefu zaidi.

Ndipo Makamu Mkuu wa Chuo, Dokta Tabu Kisanji, mama mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisaini asichokisoma, alipomkumbuka msichana wa sifuri tatu. Siwatu akatafutwa kwenye umati, akaletwa mbele akipangusa maganda ya karanga kwenye sketi.

"Mwanangu, unaweza kuusimamisha huu mtambo?"

"Siruhusiwi kuugusa, mama. Nimedisko. Nimepewa na barua."

"Nani alisaini barua hiyo?"

"Yule pale mwenye mkono juu."

Dokta Tabu akapanda naye jukwaani. Kwa karibu Profesa alikuwa hatazamiki. Rangi ya suti ilikuwa imebadilika kwa jasho, na midomo ilikuwa mikavu.

"Binti," akanong'ona. "Nisaidie."

"Kwanza waambie nani aliiandika."

Dokta Tabu akamsogezea kipaza sauti. Profesa akasema kwa sauti ndogo, "Aliiandika huyu."

"Watu wa nyuma hawajasikia, Profesa."

"Programu hii aliiandika Siwatu Mkumbukwa," akasema, na safari hii nchi nzima ilisikia, hata sokoni kwa akina mama wenye sare.

"Na ile sifuri ya kwanza, Profesa. Ulinipa kwa sababu gani?"

Profesa alitafuta neno la kisomi akalikosa. Akainamisha kichwa, mkono bado uko juu. "Kwa sababu programu yako ilijibu," akasema.

Dokta Tabu aliagiza karatasi na mhuri, akaandika cheti pale pale juu ya mgongo wa askari, akakisaini, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikisoma kabla ya kukitoa. Siwatu akakipokea kwa mikono miwili. Alikipepea wino ukauke, akakitia kwenye mkoba. Furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa, na nusu yake haikuwa ya cheti.

"Sasa unaruhusiwa kuugusa," akasema Dokta Tabu. "Unaweza kuurekebisha?"

"Naweza, mama. Ni mstari mmoja tu."

"Basi rekebisha."

Siwatu akaitazama mashine, akamtazama Profesa, akainama kwa adabu. "Lakini mwongozo wa Profesa unasema kabla sijafanya kazi yoyote niwatambue kwanza waheshimiwa wote. Na sasa mtambo ndio unawatambua. Nikianza, nitakuwa nimeukatiza. Afadhali nisubiri umalize. Ukimaliza mniite."

Akamgeukia Profesa. "Shikamoo, Profesa."

Profesa alimtazama kwa muda mrefu. Lakini ni nchi ya heshima, na kamera zilikuwa zinamwangalia.

"Marahaba," akasema.

Siwatu akashuka ngazi, akaenda zake nyumbani kwa mama yake.

*

Najua wapo watakaosema msichana yule ana roho mbaya, angemsamehe tu mzee wa watu. Hao hawajawahi kubandikwa getini. Mimi nilipokisikia kisa hiki nilicheka mpaka nikaona haya, halafu nikacheka tena.

Profesa yuko pale pale. Wamemjengea kibanda cha makuti na kumwekea gongo chini ya kwapa ili mkono usianguke. Analishwa kwa kijiko, na watoto wa shule hupelekwa kumwona kama wanavyopelekwa mbugani. Wizara ya Elimu imekaa bila waziri tangu wakati huo, na walimu wanasema vitabu vimeanza kufika kabla ya mitihani. Mtambo unaendelea kusalimia.

Siwatu anafundisha hesabu katika shule ya sekondari ya mtaani kwao. Kila likizo akija mjini hupitia uwanjani, akiwa amevaa vizuri, akapanda jukwaani na kusimama mbele ya Profesa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti."

"Mtambo umeshamaliza kusalimia?"

Profesa husikiliza kidogo, pengine mtambo uko kwa majenerali, pengine kwa mabalozi.

"Bado, binti."

"Basi nitapita tena," Siwatu husema, na akaenda kutafuta chai.